Betri Haitaki Kuachwa Peke Yake

Mpira hauli. Kamba ya kuruka haili. Mwanasesere hulishwa udongo mchana kutwa na hajawahi kulalamika tumbo. Hata lile gari la waya tulilojitengenezea utotoni, lenye magurudumu ya kandambili zilizokatika na usukani mrefu uliofika kifuani, halikujua njaa. Injini ilikuwa miguu yetu, na miguu iliendeshwa kwa bukari. Umeshiba, unaendesha. Hujashiba, unaegesha.

Sasa nyumbani kwangu hapa Kamina limeingia gari la rimoti la mpwa wangu, na hili linakula. Tena linachagua chakula, linachagua saa ya kula, linachagua chombo cha kulia, na likiwa linakula halitaki kuachwa peke yake. Nimelea watoto, nimeuguza wazee, nimefuga mbuzi. Masharti kama haya sijawahi kupewa, na yanatoka kwa kitu chenye magurudumu.

Gari lililetwa na dada yangu, mama yake huyo kijana, ambaye hufanya biashara ya nguo kati ya Lubumbashi na Dubai. Alilipakia kwenye marobota kama mzigo mwingine wowote, lakini betri ya akiba aliibeba kwenye mkoba wa mkononi, kwapani, njia nzima. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ndiyo sheria ya ndege: betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kukaa kwenye mizigo ya chini, zinapaswa kukaa na abiria wenyewe, ili ikitokea moja imeshika moto, mtu aione mapema. Ikiwa haizidi wati-saa 100, abiria haombi hata kibali. Hii yetu ina 55.5, kwa hiyo ilipita bila neno.

Hebu tafakari hapo kidogo. Kitu ambacho marubani hawakitaki chini ya sakafu yao, ndicho dada yangu niliyezaliwa baada yake amekileta nikiweke chini ya paa langu, ati zawadi ya likizo.

Mpwa wangu akaketi kunifundisha. Yuko umri ule ambao mtoto anajua kila kitu isipokuwa mahali ndoo ya maji ilipo.

“Mjomba, hii ni lipo ya 3S. Maana yake seli tatu zimefuatana. Kila moja volti 3.7, jumla 11.1. Ujazo wake miliampea-saa 5,000.”

“Na hii 100C?”

“Hiyo ni nguvu yake ya kutoa kwa mkupuo. Mara 100 ya ujazo.”

Nikapiga hesabu, maana na sisi tulisoma. Ujazo ni ampea-saa 5, mara 100 ni ampea 500. Nikazitazama zile nyaya mbili zilizotoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi. Nikajiuliza ampea 500 zikipita humo zitafika upande wa pili zikiwa umeme au zikiwa moshi. Kijana akakiri kwa sauti ndogo kwamba wenye mchezo huu wote wanajua namba ya C ni ya kusifia mali tu. Vizuri. Kwa hiyo lebo inadanganya kuhusu nguvu, lakini kuhusu hatari inasema kweli.

Masharti ni haya. Seli ikijaa iwe na volti 4.2, isizidi. Ikitumika isishuke chini ya 3.0, na mwenye busara huacha mapema, kwenye 3.4 au 3.5. Ndiyo kusema kati ya kushiba na kufa pana volti moja na nukta mbili tu. Betri za zamani za nikeli zilikuwa na subira: ukizisahau juani, ukizimaliza kabisa, zitanuna kisha zitarudi. Hizi hazinuni. Hizi huwaka.

Kabla ya kulishwa, chaja inakuhoji. Betri ya aina gani? Lithiamu, nikeli, au ile ya gari? Seli ngapi? Ampea ngapi? Ukiiambia nikeli ilhali ni lithiamu, itakaa kusubiri volti zishuke kidogo, maana ndivyo betri ya nikeli inavyoonyesha kwamba imejaa. Lithiamu haina adabu hiyo ya kuonyesha. Itaendelea kumeza mpaka itoe moshi. Nimehojiwa kwa upole kuliko huo kwenye vizuizi vya barabarani.

Ukijibu sawasawa, inakula kwa ampea 5, nayo huchukua saa moja na zaidi. Kisha gari linakimbia uani robo saa, likijitahidi sana dakika ishirini, halafu kidude fulani cha ndani kinaona volti zimepungua, kinapunguza mwendo, gari linatambaa na kusimama. Je, unairudisha betri kwenye chaja hapohapo? Hapana. Ina joto. Ingoje ipoe kwanza. Mimi nikirudi shambani nina joto, nani huningoja nipoe?

Na mahali pa kuichajia! Si kitandani, si kwenye zulia, si karibu na pazia, si karibu na mafuta ya taa. Iwe ndani ya kitu kisichoungua. Wenye fedha wana mifuko maalumu isiyoshika moto. Wengine hupenda yale masanduku ya chuma ya risasi, na mji wetu una kambi kubwa ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji, lakini mimi si mtu wa kwenda kugonga lango la kambi kuomba sanduku la risasi kwa ajili ya mchezo wa mtoto. Nina familia. Tukabaki na chungu.

“Papa,” akasema mama watoto, mikono kiunoni, “hicho ni chungu cha sombe.”

“Najua. Kitarudi.”

“Kitarudi na harufu gani?”

Mpwa wangu, badala ya kunyamaza, akaongeza kwamba kifuniko kisibane, kwa sababu betri ikiharibika hutoa gesi, na gesi ikikosa njia chungu kitakuwa bomu. Tangu hapo sombe inapikwa kwenye sufuria, na kila ikiletwa mezani naambiwa kwamba ladha imepungua na sababu ya kupungua naijua.

Pembeni pakae ndoo ya mchanga. Hilo tu ndilo sharti lisilonisumbua. Mchanga Kamina hatuununui. Tunatembea juu yake.

Nimeeleza upande mmoja wa mkataba. Upande wa pili ni umeme wenyewe, na hapo ndipo hadithi inapoharibika. Aliyetunga masharti ya betri hii alikuwa anaishi mahali ambapo mtu akitaka umeme anagusa ukuta. Kwetu unagusa ukuta na ukuta unabaki ukuta. Umeme una ratiba yake, ambayo haujawahi kumwonyesha mtu, na mara nyingi huamua kurudi usiku wa manane, watu wenye heshima wakiwa wamelala. Taa iliyosahauliwa inawaka puani pako, redio inaanza mahubiri katikati ya neno, jogoo wa jirani anadanganyika na kuwika. Kisha unasikia mlango unagongwa taratibu.

“Mjomba. Umerudi.”

Na kwa kuwa sheria inasema anayechaji asiondoke, na kwa kuwa mtoto hawezi kuachiwa moto peke yake, basi mtu mzima, baba wa nyumba, anatoka na blanketi, anaketi kwenye kigoda, analinda chungu. Usiku mmoja Nkambo, mama yangu mzazi, alitoka kwenda haja, akaniona nimeinamia chungu gizani, taa nyekundu ndogo inapepesa ndani yake. Hakuuliza kitu. Alirudi ndani akafunga mlango kwa komeo, na asubuhi nikasikia anamuuliza mama watoto kama nimeanza kwenda kwa waganga.

Si kwamba umeme hauijui njia ya kuja huku. Reli ya umeme itokayo Lubumbashi inaishia hapahapa Kamina, na waya wake unaoning'inia juu ya njia ni wa volti 25,000. Na tangu 1982 kuna ile njia kubwa ya Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, volti 500,000, inayobeba nguvu za Mto Kongo kuvuka nchi kuelekea migodini. Mhandisi atakueleza kwamba umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, hauwezi kuchotwa njiani hivihivi bila kujenga kituo kizima cha kuubadilisha, na kituo cha namna hiyo ni mali ya mabilioni. Nimeelewa. Ndiyo maana wanavijiji walio chini yake wanachopata ni kivuli cha nyaya, nacho chembamba. Sisi wa Kamina mwaka 2015 tulipandishwa cheo tukawa makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Cheo kilifika. Umeme wa kukaa nacho ungali njiani.

Haya, tuseme umeme umekuja na umekaa. Sasa inaanza biashara ya kusawazisha, ambayo ndiyo iliyonifanya nikamate kalamu.

Pamoja na nyaya mbili nene, betri ina plagi nyeupe ndogo yenye nyaya nne nyembamba. Hizo ni za kuchungulia kila seli peke yake. Lazima zichomekwe, kwa sababu seli tatu hata zikitoka kiwandani siku moja hazifanani. Moja inachoka mapema, nyingine inakataa kuchoka, na ile ya kati, iliyobanwa na wenzake kushoto na kulia, inapata joto zaidi na kuzeeka haraka. Ukizichaji kwa jumla tu, bila kuchungulia, chaja itaona 12.6 na kusema zimejaa. Kumbe moja imekwisha kupita 4.2 na iko njiani kuwaka, na nyingine bado ina njaa. Ukienda kuendesha, ile yenye njaa ndiyo itakayoshuka chini ya 3.0 kwanza na kufa, wenzake wakiwa bado wanacheka. Jumla nzuri, ndani msiba.

Basi kwenye kioo cha chaja nikaona namba tatu: 4.20, 4.19, 4.06. Moyo ukafurahi. Nikasema hapa sasa nitaona haki ikitendeka. Chaja itachota kidogo kwa hawa wawili walioshiba, impe yule mnyonge, wote wawe sawa. Nikamwita hata mama watoto aje aone.

“Hapana, Mjomba,” akasema kijana. “Haimpi. Inachoma.”

“Inachoma nini?”

“Ile ya ziada ya wenye kujaa. Inaipitisha kwenye vizuizi vidogo humo ndani, inageuka joto, inapotea. Wanapunguzwa ili mwenzao awafikie.”

Nikagusa chaja. Kweli, ilikuwa ya moto.

Wasomaji wangu, ninyi mnaijua likelemba, ule mchango wa kupokezana. Sasa fikirini likelemba yenye mweka hazina wa namna hii: akikuta mama mmoja amechelewa kutoa mchango wake, hamkopeshi, hamchangii, hamwombei muda. Anachukua noti za wale waliotoa kwa wakati, anaziwasha kiberiti mbele ya kikao, kisha anatangaza kwamba sasa wanachama wote ni sawa. Mweka hazina huyo Kamina asingefika nyumbani salama. Lakini ndani ya chaja anaitwa teknolojia.

Wataalamu wanatetea. Wanasema vifaa vya kuhamisha umeme kutoka seli moja hadi nyingine vipo, ila ni ghali, na kuchoma ni rahisi. Naamini. Kuchoma daima ni rahisi. Lakini tazameni mwendo wake: chaja ndogo kama hii huchoma kwa kasi ya miliampea 200 hadi 300 hivi. Seli ikiwa imewazidi wenzake kwa asilimia 5 tu, hiyo ni miliampea-saa 250. Saa nzima! Saa nzima baba wa nyumba anakesha juu ya chungu akitazama umeme aliousubiri tangu jana ukigeuzwa joto, katika mji usiohitaji joto.

Na kuna baya zaidi. Kazi kubwa ya kusawazisha, chaja za aina hii huifanya mwishoni, seli zinapokaribia kujaa. Mwishoni! Mwisho ni mahali ambapo umeme wetu hauna desturi ya kufika. Unaondoka betri ikiwa bado inapanda, kabla haki haijaanza kutendeka, na zile seli zinabaki na tofauti zao, usiku huu kama usiku ule, mwenye nacho na nacho chake, mnyonge na unyonge wake. Usawa tumeahidiwa. Upo kwenye programu. Ni delestaji tu, kukatwa huku kwa umeme, inayotangulia.

“Tutumie sola,” mpwa wangu akashauri.

Chaja hiyo, nisiisingizie, ina mdomo wa pili. Inakubali kulishwa kwa volti 11 hadi 18 za betri ya gari. Na betri ya gari tunayo sebuleni, kama nyumba nyingi hapa mjini, inachajiwa na paneli iliyoko juu ya bati, inawasha taa tatu na televisheni. Kijana akafanya hesabu ubaoni: seli tatu zikikaribia kujaa ni volti 12.6, mara ampea 5, ni wati 63, na chaja yenyewe inakula chake juu ya hapo. Paneli yetu ni ya wati 50, na hizo 50 ni za kwenye karatasi, saa sita mchana, mwezi wa ukame, bila vumbi. Kwa hiyo kilichopungua kitachukuliwa kwenye betri ya gari. Kwa maneno mengine, gari dogo litanyonya betri ya gari kubwa ambalo hatuna.

Ikafanyika hivyo, tena jioni ambayo TP Mazembe walikuwa uwanjani. Majirani walikuwa wamejaa, wengine wamekuja na viti vyao, mlango umeachwa wazi ili walioko nje nao waone. Chaja nayo ilikuwa pembeni, ndani ya chungu, inakula kimyakimya. Betri ya gari ikabeba Mazembe, ikabeba taa, ikabeba na mgeni huyu, mpaka volti zikashuka chini ya 11. Chaja ikapiga kelele kwamba chakula kimepungua. Televisheni haikupiga kelele. Ilizimika tu, mpira ukiwa hewani mbele ya goli.

Kimya kilichofuata sitaki kukieleza. Kisha sauti ikatoka nyuma, ya jirani ambaye kwa kawaida ni mtu mpole:

“Mukubwa, umezima Mazembe ili gari la mtoto lile?”

Mpwa wangu akanyanyua kidole kueleza habari ya wati 63. Nikamtazama, akakishusha.

Tukajaribu kibanda cha kuchaji simu, kule njia ya sokoni, ambako kijana mmoja amepanga simu za watu mezani kama samaki wa Bukama. Akaipokea betri yetu, akaigeuza, akaitafutia kioo.

“Hii ni simu gani?”

Tukamweleza. Akaihesabu: seli tatu, kwa hiyo bei ya vichwa vitatu. Tukakubali. Tukampa na sharti: asiiache peke yake hata kidogo. Akacheka mpaka akashika meza. Kazi yake yote, akasema, ni kuacha vitu peke yake. Anaziacha simu zinakula, naye anakwenda kula. Kama ana kazi ya kukaa na kutazama betri moja saa nzima, basi na yeye alipiwe kama mlinzi, na chakula cha jioni. Tukarudi nyumbani na betri yetu na heshima iliyobaki.

Njiani, na tangu siku hiyo, kila mtu ana ushauri. Mji mzima umekuwa fundi. Hizi betri ni lithiamu ileile ya simu, ila seli zake zimefungwa kwenye mfuko laini badala ya kopo la chuma, na zikichoka au zikidhulumiwa hutengeneza gesi na kuvimba kama mto. Yetu haijavimba, lakini dawa zake nimekwisha kuletewa. Mmoja anasema itobolewe kwa sindano, gesi itoke, ibandikwe gundi. Namwomba asirudi, na ikiwa anazo za simu nyumbani asiziguse, maana kutoboa betri ya lithiamu ni kuukaribisha moto kwa mkono wako. Mwingine anasema iwekwe kwenye friji. Friji ipi? Friji yangu ni kabati la kuhifadhia daftari za shule. Wa tatu ameuliza kama tumejaribu kuiombea. Huyo peke yake hakunikera.

Kinachonikera ni kwamba kitu hiki hakikupaswa kuwa mgeni kwetu. Betri nyingi za aina hii hutumia kobalti. Wazo hilo lilitoka Oxford mwaka 1980, kwa John Goodenough na wenzake. Sony wakaziingiza betri za lithiamu sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 mzee Goodenough akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na miaka 97. Alistahili hongera, kwa umri na kwa tuzo. Lakini kobalti yenyewe, sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani, hutoka nchi hii, na nyingi hutoka Kolwezi na kandokando yake, mkoa jirani wa Lualaba. Lithiamu imelala chini ya Manono, mkoa jirani wa Tanganyika. Sisi tuko kati. Mawe yanaondoka ubavuni mwetu, yanavuka bahari, yanageuzwa betri, yanapitia Dubai, yanapanda ndege kwapani mwa dada yangu, yanapanda treni, yanafika Kamina, na neno la kwanza ni: umeme uko wapi? Jiwe lilizaliwa hapa jirani na linauliza kama halijui!

Nilidhani masharti yamekwisha. Likizo ilipokaribia mwisho, mpwa wangu akaleta la mwisho: betri isiwekwe kabatini ikiwa imejaa. Ikikaa imejaa inazeeka haraka na kuvimba. Isiwekwe ikiwa tupu pia, maana itaendelea kushuka polepole mpaka ipite mstari wa kifo. Iwekwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, karibu na nusu. Huko kwenye umeme wa uhakika, akasema, watu wanalazimika kutafuta hiyo nusu kwa makusudi. Chaja zina programu maalumu ya kuipandisha au kuishusha betri hadi hapo, na watu wanaketi kuisubiri.

Nikamwambia alete betri tuipime. Umeme ulikuwa umekuja usiku, umekaa kidogo, umeondoka kama kawaida yake. Akachomeka kile kipimo kidogo kwenye plagi nyeupe. 3.82. 3.81. 3.79.

Kijana akanyamaza. Akapima tena. Nusu kamili, bila programu, bila kukesha kuitafuta. Nikamwambia awaandikie rafiki zake wa Lubumbashi kwamba Kamina hatuna betri iliyojaa na hatuna iliyokufa. Zote, za magari, za simu, za tochi, zimehifadhiwa kwa kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa dunia, na anayesimamia kazi hiyo ni delestaji, usiku na mchana, bila kulipwa.

Nasema bila kulipwa, ila nimekosea hesabu kidogo. Kipo kitu kimoja kinachonifikia kikiwa kimejaa, kimesawazishwa mpaka faranga ya mwisho, na kwa saa yake bila kukatika: ankara ya umeme.